Mkono Ulioshonwa Tumboni

Watu wakiuona mkono wangu wa kulia husema, "Pole kwa vita." Huwa nawasahihisha. Vita havikuniunguza. Niliungua kwa mafuta ya mikate, jikoni kwangu mwenyewe, hapa Bunia, mtaa wa Mudzi-Pela, asubuhi ambayo hakuna risasi iliyolia popote. Sufuria ilipinduka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nami nikaidaka, kama mjinga anayedaka kisu kinachoanguka. Vita vilikuja baadaye, vikanikuta natibiwa kovu.

Kovu la moto likikauka huvuta. Ngozi inajikunja kidogo kidogo na kiungo kinaifuata, hutambui mpaka siku unapotaka kunyoosha mkono nao unakataa. Kifundo changu cha mkono kilikunjika kwa ndani hadi vidole vikaelekea kiwiko, na kidole gumba kikagandana na jirani yake. Kazi yangu ni kusuka nywele. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mimi naongeza kwamba hausuki hata mstari mmoja. Wateja wangu walikuja kunipa pole, wakatoka hapo wakaenda kukaa kwenye kiti cha msusi wa ng'ambo ya barabara. Niliwaona, na niliwachukia kila mmoja kwa jina lake.

Daktari mmoja wa upasuaji alikuwa akitoka mjini kwenda kufanya kazi kwa zamu katika hospitali ndogo ya kanisa, kwenye barabara ya Komanda. Huko ndiko alikonipasua. Kwanza alinichorea kwa kalamu mambo atakayofanya. Kati ya kidole gumba na cha pili alichora mstari uliopinda huku na huku, kama njia ya nywele ninayopasua kichwani mwa msichana anayetaka mapambo. Alisema atakata hapo, apate ncha mbili za ngozi, azibadilishane mahali, na kovu fupi litakuwa refu bila kuongeza ngozi yoyote. Hilo nililielewa upesi.

Kifundo kilikuwa jambo jingine. Pale, alisema, kovu likikatwa litaacha kidonda kipana, na ndani yake kano zitabaki wazi, nyeupe, zile kamba zinazovuta vidole. Ngozi ya kubandika tu haishiki juu ya kano. Inatakiwa ngozi inayokuja na damu yake. Kwa hiyo aliinua ulimi wa ngozi kutoka kwenye kinena changu, akaacha mwanzo wake umeshikana na mwili, ncha yake akaishona kwenye kifundo. Nilipozinduka mkono wangu ulikuwa umeshonwa tumboni, chini kabisa, mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi kila mtu.

Ungekaa hivyo wiki tatu, mkono ukinywa damu ya tumbo mpaka uzoee kunywa ya kwake. Ndipo angelikata lile daraja la ngozi. Alinionya kwamba likichomoka kabla ya wakati ngozi itakufa, kano zitakauka, na safari hiyo mkono hautakunjika tu, utakatwa.

Hospitali zetu zinataka mgonjwa aje na mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Tunamwita garde-malade. Mume wangu alikuwa Mongbwalu, kwenye mashimo ya dhahabu. Mama mkwe miguu yake ilikuwa imevimba, akabaki nyumbani na binti yangu Riziki. Ndugu zangu mimi wametawanyika. Basi akaja baba mkwe, Mzee Ngabu, mfugaji asiyebakiwa na ng'ombe hata mmoja, ila fimbo yake ya kuchungia.

Inabidi nieleze ugumu wake. Kwetu, baba mkwe na mkaza mwana wake hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawali sahani moja, na njiani mmoja akimwona mwenzake anakata kona. Si chuki, ni heshima, na Mzee Ngabu aliishika kuliko padri anavyoshika misa. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeuona mgongo wake kuliko uso wake.

Alilala kwenye baraza la wanaume. Alipika mwenyewe, na wale garde-malade wanawake walimcheka hadi wakachoka. Aliweka sahani mlangoni, akakohoa, akaondoka. Akitaka kujua hali yangu alisimama nje ya dirisha, nyuma ya ukuta, akaongea na mama wa kitanda cha jirani.

"Mama, uulize mama ya Riziki kama amekula."

Nami nikiwa palepale, nasikia kila neno, nikamjibu yule mama kwamba amwambie papa nimekula. Yule mama alikuwa mcheshi. Alisema, "Miye ndjo téléphone yenu," na wodi nzima ikacheka.

Kila asubuhi muuguzi wetu, Jeannette, alifunua kitambaa akabonyeza ile ngozi kwa kidole. Iligeuka nyeupe, halafu rangi ikarudi. Ikirudi polepole ni hatari, ikikataa kurudi ni msiba, alinieleza wodi nzima ikisikia. Alibonyeza, akangoja, akasema kwa sauti yake kubwa, "Iko muzima." Siku ninayoizungumzia alisema hivyohivyo. Nje palikuwa na harufu ya sombe, majani ya muhogo, na mtu alikuwa akitwanga. Nilikuwa nawaza ni mteja gani nitamsuka kwanza nikipona, na nani nitamwambia sina nafasi.

Mtu wa kutwanga akaacha kutwanga.

Risasi zilianzia upande wa kilima, moja moja, halafu nyingi. Wodi ilitoka kitandani kwa pamoja. Waliokuwa na pikipiki walipakia watu wao na kutokomea kabla hatujajua tunakimbilia wapi. Hata hivyo mimi nisingeweza kukalia pikipiki, shimo moja tu la barabara lingetosha kunichana.

Daktari wiki hiyo alikuwa Bunia. Jeannette ndiye aliyenifunga. Alizungusha bendeji pana kiunoni, juu ya mkono, mpaka nikawa kama mtoto aliyeviringwa kwa ajili ya ubatizo, akanifunika na kitenge. Mafundo yake yalikuwa sawa. Alisema nisikimbie hata wengine wakikimbia, na nikianguka, niangukie kushoto. Kisha akageuka mlangoni, Mzee Ngabu alikosimama ameangalia sakafu. Akamwambia kwamba kwenye mteremko na kwenye maji lazima mtu aubane mkono wangu tumboni kwa nguvu, usivute.

Mzee alinyoosha fimbo yake, ncha moja kwangu.

Hivyo ndivyo tulivyotoka. Yeye mbele ameshika ncha moja, mimi nyuma nimeshika ya pili kwa mkono wa kushoto, na urefu wa fimbo nzima ukiwa kati yetu. Watu walitupita mbio na magodoro na mbuzi, wengine wakitutukana kwa kuziba njia. Tuliacha barabara kuu, tukashika njia za mashamba ya mihogo kuelekea Bunia. Alipofika penye kisiki aligonga ardhi kwa kisigino ili nijue. Hakugeuka hata mara moja. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba mzee huyu ataniacha nife kwa heshima.

Tukafika kwenye kijito. Hapakuwa na daraja ila gogo, na gogo lilikuwa limelowa kwa miguu ya waliotangulia. Nyuma yetu milio ilikuwa inasogea. Nilipanda.

Katikati mguu uliteleza.

Nilisikia mshono ukivuta, maumivu kama wembe wa moto kinenani. Fimbo iliniponyoka. Nilikuwa naanguka upande wa kulia, upande usiotakiwa.

Mkono ulinishika. Mzee Ngabu alikuwa ameruka majini, maji yamefika mapajani, na kiganja chake kilikuwa juu ya mkono wangu ulioshonwa, kimeubana tumboni kama Jeannette alivyosema. Alinibana hivyo mpaka ng'ambo. Uso wake aliugeuzia upande mwingine muda wote. Tulipokanyaga majani aliniachia upesi, akanawa mikono kijitoni, akaokota fimbo na kuninyooshea tena.

Sikumwambia asante. Asante ingesema kwamba jambo lile limetokea.

Njia ya mashamba ilirudi barabarani mahali ambapo hatukuwa na la kuchagua, kwa sababu upande mmoja ni bonde lenye matope na upande mwingine ni kilima. Wanawake kadhaa wa hospitali walikuwa wametukuta, tukawa kundi. Tulipotokeza tuliona kamba imefungwa kukatiza barabara, na vijana wenye silaha wamekaa kwenye magunia.

Shingoni na mikononi walikuwa wamefunga hirizi. Dawa ya vita ya namna ile ina masharti, na hapa kwetu kila mtu anayajua. Usimguse mwanamke, usiguse damu yake, la sivyo risasi haitageuka maji. Niliposhtuka kuziona nilipata pia nafuu kidogo. Nilidhani kwa sababu hiyo hawatanisogelea.

Sikufikiria habari ya dhahabu. Watu wanaotoa vumbi la dhahabu Mongbwalu wana hila zao, na mojawapo ni kidonda cha uongo. Mtu anafunga bendeji nene mguuni, anachechemea, kumbe ndani kuna kifuko. Vijana wa vizuizi wameijua hila hiyo zamani. Na mimi hapo, mwanamke mwenye afya, nimeficha mkono mmoja chini ya kitenge na kiuno kimefungwa kama mzigo wa sokoni.

"Weye. Toa mukono inje."

Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nilimwambia hautoki, umeshonwa na tumbo.

"Umeshonwa na tumbo," alirudia, akiwatazama wenzake. Walicheka.

Mmoja alichomoa kisu. Hakunigusa. Alinyoosha mkono kwa mbali, akapenyeza ncha chini ya bendeji, upande wa makali ukiangalia juu. Nilihisi baridi ya chuma kando ya kitovu. Chini ya bendeji ile hakujua lililopo. Angevuta mara moja angekata kitambaa, ngozi na mkono vyote pamoja.

"Muache," Mzee Ngabu alisema. "Nitafungula miye."

Mkubwa wao akamuuliza mimi ni nani wake.

Angeweza kusema kweli, kwamba mimi ni mke wa mwanawe. Wale vijana walizaliwa na watu kama sisi, wangejua mara moja wanachomwomba mzee afanye. Labda mmoja angemkumbuka baba yake akaona haya. Labda wangecheka zaidi na kumfanyisha kwa ajili ya kicheko. Hakukuwa na namna ya kujua, na kisu kilikuwa bado chini ya kitambaa.

"Ni mutoto yangu," alisema. "Wa kuzala."

Kisu kikatoka.

Alipiga magoti mbele yangu barabarani. Alifungua fundo la Jeannette, akaanza kuizungusha bendeji, mzunguko kwa mzunguko, akiikusanya begani mwake isiguse vumbi. Kitenge akakishusha. Wanawake wa kundi letu walitazama pembeni. Mimi nilifumba macho. Yeye hakufumba. Angefumba angeivuta vibaya, kwa hiyo mtu yule ambaye hakuwahi kunitazama usoni ilimbidi atazame huko.

Nilipofumbua macho vijana walikuwa wamerudi nyuma. Waliona ngozi inayotoka tumboni mwa mtu na kuingia mkononi mwake, bila mwanzo wala mwisho, na damu iliyokauka kwenye nyuzi. Hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho, na dawa yao haikuwa na sharti lake.

"Nani alimufanyia hivi?"

"Docteur."

"Funika," mkubwa wao alisema. "Funika mbio."

Mzee hakufanya mbio. Aliweka kidole gumba chake juu ya ile ngozi, akabonyeza, akaondoa. Alingoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba kila asubuhi, nyuma ya ukuta, alikuwa akisikiliza. Rangi ilirudi, polepole, lakini ilirudi.

"Iko muzima," alisema.

Alikuwa ameanza kuifunga bendeji upya mkubwa wao aliposema wanawake wapite, na mzee abaki awabebee magunia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeomba maji. Mzee Ngabu aliendelea kufunga. Nilisema huyu ni mtu mzima, hawezi mzigo. Hakuna aliyenisikiliza. Alikaza fundo la mwisho, akajaribu kama linashika, akasimama, akaniwekea fimbo kwenye mkono wa kushoto. Aliniangalia machoni. Macho yake yalikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, sikuwa nimeijua.

"Enda, mutoto. Usikimbie."

Sikukimbia. Nilitembea. Mwanamke mmoja wa kundi alishika ncha ya pili ya fimbo bila kuambiwa. Nilipogeuka kwenye kona mzee alikuwa tayari ana gunia mgongoni, anapanda kilima nyuma ya vijana, na hakuwa anaangalia nyuma.

Bunia nilifika jioni. Daktari alinipokea, akabonyeza, akanuna. Kona moja ya ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi, akaikata. Iliyobaki ilishika. Wakati ulipotimia alikata daraja, na mkono wangu ukatoka tumboni kama kitu kilichozaliwa. Kifundo kilinyooka. Vidole vilijifunza upya, kwa kilio na kwa matusi, na siku moja nikamsuka Riziki mistari yote, ikapinda, naye akavumilia.

Ngozi ile bado inajiona ni ya tumbo. Nikinenepa inanenepa. Na haisikii kitu, moto wala baridi, kwa hiyo jikoni naichunga kwa macho.

Mume wangu alitafuta. Aliuliza waliotoroka, waliokombolewa, wanajeshi, wavuvi wa Kasenyi wanaovusha watu kwenda Uganda. Wengine walisema mzee alionekana, wengine walisema hata kilima hakukimaliza. Familia ikakataa kuweka matanga. Huwezi kumlilia mtu ambaye labda yuko njiani anarudi.

Wapo waliosema, na nimewasikia, kwamba niliupata mkono kwa kumtoa mzee. Maneno hayo yamenikaa kooni miaka mingi. Sikubadilishana na mtu. Wangeniuliza pale barabarani, mkono au mzee, ningenyoosha mkono wenyewe waukate. Hakuna aliyeniuliza. Waliomchukua ndio waliomchukua.

Habari ya kamba na magunia niliisimulia nyumbani siku ileile. Ya bendeji sikuisimulia. Mzee aliyetazama uchi wa mkaza mwana wake ni jambo ambalo watu wangelibeba vibaya, na hakuwepo wa kujitetea. Nilimwekea siri yake kama alivyoniwekea fundo.

Mwaka huu mama mkwe alisema imetosha, tumlilie, maana yeye mwenyewe anazeeka na anataka kufa akiwa mjane, si mke wa mtu aliyepotea. Hatukuwa na mwili. Tulizika fimbo.

Kwenye matanga ya kwetu kila mtu anajua pa kukaa. Watoto wa marehemu wanakaa kwenye mkeka, na mabinti wanakatwa nywele. Wakaza wana wanakaa jikoni, na nywele zao zinabaki kichwani. Nilikuwa jikoni nakoroga ugali, nauangalia mkono wangu karibu na moto, mama mkwe alipoingia na mkongojo wake wa miguu mibovu. Akaketi kwenye kigoda.

Aliniuliza neno la mwisho la mzee lilikuwa lipi. Hakuwahi kuniuliza. Nadhani alikuwa ameliogopa.

Nilimweleza yote. Kijito, kisu, bendeji begani, kidole gumba. Nilimwambia walivyomuuliza mimi ni nani wake, alivyojibu, na alivyoniita mutoto akiniaga.

Ugali ulikuwa umeanza kuungua. Alichukua mwiko mkononi mwangu.

"Sasa unafanya nini jikoni?" alisema. "Enda kukaa kwa mukeka."

Nilikwenda. Mawifi zangu walinitazama lakini mama yao alikuwa amesimama mlangoni. Na kwa sababu mimi ndiye msusi, mimi ndiye niliyewakata nywele, mmoja baada ya mwingine, mkasi ukiwa katika mkono huu. Nilipomaliza wa mwisho nilimpa mama mkwe mkasi, nikainamisha kichwa.

Alikata kwa taratibu. Nilikuwa nimekinga mkono chini, na nywele zangu zikawa zinaanguka juu ya kifundo, penye ngozi ile. Sikuzisikia. Niliziona tu.